Tairi za Kubandika Hadi Mzenga

Tangu nirudi Kibaha sijanywa kikombe cha chai kwa amani. Nikikaa tu, mmoja wenu anavuta kiti: "Salumu, hebu tueleze, ilikuwaje?" Mwingine anataka kujua kama ni kweli zile tairi zinakimbia. Mwingine ana baiskeli kuukuu nyumbani na anauliza kama atafute ringi za namna ile. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huku mwalimu Gervasi akiingilia kila ninapofika pabaya. Kwa hiyo nimeandika. Karatasi hizi zipite mkono kwa mkono, na zikimfikia Gervasi azisome hadi mwisho, maana karatasi haikatizwi.

Kibaha, jioni ya Alhamisi

Kama zitamfikia asiyenijua, mimi ni mtunza maabara katika shule moja hapa Kibaha. Kwetu ni Mzenga, Kisarawe. Baba alifariki akaacha wake wawili: mama yangu, Bi Mwajuma, ambaye ndiye mke mkubwa, na Bi Tatu, mke mdogo. Hawajawahi kushikana wala kutukanana mbele za watu, lakini mama hajaonja chakula cha chungu cha Bi Tatu tangu mimi sijaanza shule. Sababu wanaijua wenyewe. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, kijito kikapita katikati, na amani yao yote ilikuwa ni kile kijito.

Mwaka huu ni wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Zamu ya kwetu ilipofika, binamu yangu Hamisi alipita Kibaha na habari. Malori yanakuja, na siku ya Jumamosi mwenyekiti wa kijiji kipya atagawa viwanja. Kila kiwanja kinapigiliwa kigingi, na mwanaume wa nyumba anasimama penye kigingi chake mpaka mwenyekiti apite. Nyumba isiyo na mwanaume wa kusimama inaunganishwa na ya ndugu wa karibu. Mama hana mtoto mwingine ila mimi. Ndugu wa karibu, kwa macho ya mtu yeyote wa Mzenga, alikuwa Shomari, mtoto wa Bi Tatu.

"Mama yako hakusema mengi," Hamisi aliniambia. "Amesema, mwambieni Salumu aje asimame."

Basi la kwenda kwetu lilikuwa limekufa injini na hakuna aliyejua lini litafufuka. Baiskeli yangu, lile zito mnalolijua, tairi ya nyuma ilikuwa imekwisha hadi nyuzi zinaonekana, na madukani tairi mpya ilikuwa kitu cha kusikia tu. Nilikuwa nimekaa pale uwanjani nikiiangalia, ndipo Gervasi akaja.

Gervasi hufundisha michezo. Mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake alimwachia baiskeli ya mashindano, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Kuanzia siku hiyo Gervasi hana habari nyingine. Alinieleza tena jioni ile, na safari hii nilimsikiliza kwa sababu nilikuwa na shida. Tairi zake, alisema, si kama zetu. Tairi na tyubu ni kitu kimoja. Tyubu imeshonewa ndani, kisha mpira mzima unabandikwa juu ya ringi kwa gundi. Ni nyepesi, huoni kama umepanda kitu. Zinajazwa upepo hadi zinakuwa ngumu kama ubao, ndiyo maana zinakimbia. Ikitoboka, huhangaiki na viraka njiani. Unaibandua, unabandika ya akiba, unaondoka. Na hata ikiisha upepo haichomoki kwenye ringi, imeshikwa na gundi.

"Salumu, kesho saa ya chakula cha mchana uko Mzenga," alisema. "Utamkuta mama yako bado anachambua mchele."

Akanifungia tairi ya akiba chini ya kiti, akanipa pampu yake, na akanishika bega. "Ila nina sharti moja. Baiskeli hii usiiache mahali popote kwa mtu yeyote. Hata ukienda msalani, nenda nayo. Niahidi." Nikaahidi, tena mbele ya mkewe. Sharti hili mlikumbuke, nitalirudia.

Kibaha hadi Kiluvya

Sitaki kusema uongo kwa sababu ya hasira. Kwenye lami ya barabara ya Morogoro, alfajiri ya Ijumaa, baiskeli ile ilikuwa raha. Nilikanyaga mara moja ikaenda kama imesukumwa na mtu. Kila mteremko niliushuka nikisikia tairi zinaimba chini yangu, na kwenye kupanda sikushuka hata mara moja. Nilicheka peke yangu. Nilijiona nimeshafika kwa mama, nimesimama penye kigingi mikono nyuma, mwenyekiti ananipa mkono. Ndiyo sehemu pekee ya safari ambayo Gervasi anaipenda, na aisome mara mbili, kwa sababu inaishia hapa.

Penye njia ya kuingilia Kiluvya kulikuwa na kizuizi cha mgambo. Walikuwa wawili, kijana mwenye bunduki na mwenzake aliyekuwa akila mhogo wa kuchoma. Kijana aliizunguka baiskeli akaibonyeza tairi kwa kidole.

"Hii ya mzungu," alisema. "Mzungu mwenyewe yuko wapi?"

"Amerudi kwao."

"Akakuachia wewe?"

"Alimwachia mwalimu Gervasi."

"Gervasi yuko wapi?"

"Yuko Kibaha."

"Kwa hiyo mzungu hayupo, Gervasi hayupo, na wewe ndiye uliyepo." Alimtazama mwenzake. "Hizi tairi mbona zimeshonwa? Kitu kikishonwa kuna kilichowekwa ndani. Mna nini humu?"

"Upepo, ndugu yangu."

"Tuuone."

Nilimweleza kwamba upepo hauonekani. Hilo lilimkasirisha. Vali za tairi zile ni nyembamba, zina nati ndogo kichwani ambayo hulegezwa kwanza. Yeye aliikamata kwa koleo la kukatia waya. Upepo ulimpiga usoni akaruka nyuma, na mwenzake alicheka hadi mhogo ukamponyoka. Kicheko kile kilinigharimu, maana baada ya hapo ilibidi niketi chini "nimngoje mkubwa". Nilimngoja. Mama mmoja muuza vitumbua alinionea huruma akaniletea viwili na chai ya rangi, akaniuliza huku akicheka kama nimeiba kweli, au nimesingiziwa. Nilipomwambia nawahi kigingi cha mama yangu Mzenga, aliacha kucheka, akasema na wao zamu yao inakuja.

Mkubwa alifika jua limeshapanda. Alinisikiliza muda mfupi tu, akamwambia kijana anirudishie baiskeli. Kijana aliniomba radhi kwa heshima zote na kunisaidia kujaza upepo, lakini hakuna radhi inayorudisha asubuhi.

Kiluvya hadi Kisarawe

Kutoka Kiluvya nilikata kusini kwa njia ya ndani. Hapo lami ilikwisha, na uzuri wa tairi za Gervasi ukakwisha nayo. Kwenye mchanga zilizama kama kisu kwenye siagi. Baiskeli zetu zile nzito zina tairi pana, zinaelea juu ya mchanga, hizi zinachimba. Nilishuka, nikasukuma, nikapanda, nikashuka tena. Kila niliyepishana naye alinipa pole kisha akatazama tairi akaguna.

Tairi ya nyuma ilitobolewa na mwiba kabla ya adhuhuri. Hapa nitamtendea haki tena: nilifanya kama alivyonifundisha, nikaibandua kwa vidole, nikabandika ile ya akiba juu ya mabaki ya gundi, nikajaza upepo. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alikuwa hajafika hata kwenye kona nilipompita tayari niko juu ya baiskeli. Fundi wa kawaida angekuwa bado anatafuta bakuli la maji. Kwa hiyo kama mtu ataniuliza faida, hiyo ni faida, nimeiona kwa macho yangu.

Lakini akiba ni moja. Gervasi hakuniambia unafanya nini mwiba wa pili ukija, na mwiba wa pili uliitoboa hiyo akiba wakati naanza kupanda kilima cha kuingilia Kisarawe mjini. Nilipanda kilima chote kwa miguu nikiisukuma, huku wanafunzi wanaotoka shule wakinifuata na kuniuliza kama mashindano yamekwisha na nimekuwa wa ngapi.

Kisarawe, kwa Fundi Athumani

Nilielekezwa kwa Fundi Athumani. Kwenye kibaraza chake alifanya kazi mbili: kuziba pancha za baiskeli na kushona magodoro ya sufi. Upande mmoja kulikuwa na minyororo na spoki, upande wa pili sufi nyeupe imetapakaa mpaka kwenye nywele zake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaichukua tairi na kuigeuzageuza.

"Tyubu iko wapi?"

"Imeshonewa ndani, mzee."

Alipapasa mshono kwa dole gumba, na uso wake ukachanua. Nilidhani nimefika kwa mkombozi. "Aa! Huu ni ushonaji tu. Huu naujua."

Nilimwambia afumue mahali palipotoboka tu, upana wa kiganja, atoe tyubu, azibe, ashone. Akasema sawa. Nikaenda kisimani, baiskeli begani, kunawa na kuswali. Niliporudi, tairi ilikuwa imelala juu ya jamvi, imefumuliwa duara zima kutoka vali hadi vali, tyubu nyembamba imetolewa nje kama utumbo wa kuku.

"Mzee! Nilisema upana wa kiganja!"

Hakuona kosa. "Bwana mdogo, godoro halifumuliwi kidogo. Ukilifumua kidogo, sufi inajikunja ndani, hulali. Kitu cha kushona unakifungua chote, unakitandaza, unakiona, ndipo unakifunga."

Kwa godoro alikuwa na haki yote. Alikuwa na moyo mwema, mkono wake ulikuwa mwepesi, na alikuwa ananiua. Alikiziba kitobo vizuri, akairudisha tyubu ndani, akaanza kushona kwa sindano yake ndefu na uzi wa magodoro. Alipofika nusu tulisikia kitu kikipumua. Sindano ilikuwa imechoma tyubu. Alifumua tena, akaziba, akashona. Jua lilikuwa linazama, na kila mchomo wa sindano ulikuwa unanipeleka mbali na Mzenga. Nilitaka kulia. Mkewe, Mama Zena, aliniita nikale, nikakataa. Akaniita tena kwa sauti ambayo haikataliwi, nikaenda. Alikuwa amesonga bada, ugali wa muhogo, na kupika kisamvu kwa nazi. Nilikula bila kusikia ladha, nikamweleza habari ya kigingi.

"Basi ungekuja kwa miguu," alisema. "Mbona watu wanafika."

Hakusema kwa ubaya. Nililala kwao.

Alfajiri tatizo lilikuwa gundi. Solusheni ya kuzibia viraka ilikuwa imebaki ya kupaka kucha. Fundi Athumani aliniangalia, akaiangalia ringi, kisha akaingia ndani akatoka na kikopo cha ulimbo wa fenesi, ule ambao watu wa Kisarawe hutegea ndege. Akaupasha moto, akaupaka ringi nzima kwa kijiti, akaibandika tairi na kuikaza kwa viganja.

"Chiriku akitua hapa haondoki," alisema kwa fahari.

"Mimi si chiriku, mzee."

"Ndiyo maana nimepaka mara mbili."

Kisarawe hadi Kibuta

Niliondoka kabla jua halijachomoza, na tairi ilishika. Nawaambia ilishika! Njia ya Kibuta ilikuwa na ukungu, udongo umelowa umande na kugandamana, na mshono wa Fundi Athumani, mnene kama kovu, uligonga ringi taratibu kila gurudumu lilipozunguka. Nikaanza tena kuhesabu mambo yangu. Viwanja havigawiwi alfajiri. Watu watakusanyika, watahutubiwa, wataimba. Nitafika.

Kisha jua likatoka. Ulimbo ni kitu cha kivulini; ukiota jua unalegea. Kwanza niliona vali imeinama upande. Nikashuka, nikaikaza tairi kwa mikono, vidole vikanatana, nikaendelea. Ikainama tena. Kwenye mteremko wa Kibuta nilikamata breki, ringi ikapata moto, na tairi nzima ikavuka kando ya gurudumu ikajizungusha kwenye fremu. Gurudumu liligoma. Mimi sikugoma, nikaendelea peke yangu hadi ndani ya shamba la mihogo.

Nilipofumbua macho kulikuwa na mwanamke amesimama na jembe.

"Kaka, njia yote ile hukuiona, ukaiona mihogo yangu?"

Alikuwa anaitwa Mama Eliza, Mlutheri, mkulima. Alinigombeza kwanza, kisha akanipa pole, kisha akaniletea maji na pande la fenesi bivu. Nililitazama lile fenesi nikajua Mungu ana mzaha. Nilikuwa nimechubuka kiwiko na goti. Nikamwuliza kama malori ya kwenda Mzenga yamepita.

"Ya jana yalipita, na ya leo yamepita. Watu wako juu wanaimba, wengine wanalia."

Tulikuwa bado tunalizungumza hilo alipotokea mtu kwenye baiskeli nzito, nyeusi, kama yangu. Alikuwa Seifu, mchoma mkaa wa Mzenga, anarudi kutoka kuuza, amefunga kwenye keria magunia matupu na dumu la mafuta ya taa. Tairi zake zilikuwa na viraka juu ya viraka. Ya mbele ilikuwa imefungwa mpira katikati kama mtu mwenye jeraha. Na ilikuwa inakwenda. Alinijua, maana anamjua mama.

"Salumu! Kigingi ni leo! Panda keria, magunia nitayashika mbele. Hiyo ngedere yako iache hapa."

"Iache kwangu," Mama Eliza alidakia. "Nitaiingiza ndani. Hakuna wa kuila."

Hapa ndipo mnaponiuliza wote, na hapa ndipo Gervasi hunyamaza. Ndiyo, ningeweza kupanda. Nilishika keria ya Seifu kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ulikuwa kwenye usukani wa baiskeli ya mtu. Nilikuwa nimeahidi. Mali ya kuazima, isiyopatikana dukani wala bandarini, niiache Kibuta kwa mama nisiyemjua tangu kuzaliwa? Ikipotea ningemtazama Gervasi kwa macho gani? Nyinyi nyote mlionilaumu, kila mmoja wenu amewahi kumnyima mwenzake pampu. Niliiachia keria.

"Tangulia," nilimwambia Seifu. "Mwambie mama niko njiani. Asikubali kuunganishwa na mtu mpaka nifike."

"Nitamwambia," alisema. Akapanda, na viraka vyake vikaondoka naye.

Kibuta hadi Mzenga

Mama Eliza alinipa kamba za mgomba. Nilifunga tairi kwenye ringi mahali pengi, kama mtu anavyofunga matita ya majani, na baiskeli ikawa ya kusukumwa tu. Kamba zilikatika nikafunga nyingine. Ile tairi ya kwanza, iliyotoboka baada ya Kiluvya, ilikuwa begani kwangu. Ule wepesi uliosifiwa sasa ulikuwa na maana moja, kwamba kwenye kupanda sikuhitaji msaada wa kuibeba baiskeli. Niliibeba sana.

Njiani nilipishana na lori linarudi tupu. Dereva alipunguza mwendo akaniuliza kama nataka lifti ya kwenda Kisarawe. Nikamwambia nakwenda Mzenga. "Mzenga wameshamaliza kushusha," alisema, akaondoka zake. Nilianza kukimbia huku nasukuma, jambo la kipumbavu, kwa sababu pedali ilinipiga kwenye lile goti.

Nilipita kwanza nyumbani kwetu, kwa mazoea tu. Paa lilikuwa limeshushwa. Mlango haupo. Mafiga matatu yalikuwa mahali pake na majivu yalikuwa ya asubuhi ileile, kuku mmoja aliyekimbia kukamatwa alikuwa anachakura ndani ya chumba cha mama. Sikumkamata. Nikavuka kijito, na ng'ambo nyumba ya Bi Tatu nayo ilikuwa kuta tupu.

Mzenga, kijiji kipya

Viwanja vilikuwa vimepangwa mistari, kila kimoja na kigingi chake na marundo ya vyombo, godoro, mtungi, mbuzi amefungwa. Ilikuwa alasiri. Hamisi ndiye aliyeniona kwanza. Hakunipa mkono. Alinivuta pembeni akanieleza yote, akiitazama ile baiskeli muda wote.

Mama alikuwa amesimama penye kigingi tangu asubuhi, yeye mwenyewe, ameshika jembe la marehemu baba. Mwenyekiti alipofika aliuliza mwanaume wa nyumba yuko wapi, mama akasema yuko njiani. Watu waliguna. Mwenyekiti alikuwa tayari kumaliza jambo, lakini hapo hapo Seifu akaingia na ujumbe wangu: Salumu yuko njiani, asiunganishwe na mtu mpaka afike. Basi mwenyekiti, kwa wema wake, akasema haya, tumpe nafasi. Akaenda kugawa viwanja vingine vyote. Waliomaliza waliketi kivulini. Mama hakuketi, aliogopa kuketi kungemaanisha ameachia. Alisimama juani kwa sababu ya ujumbe wangu.

Mwenyekiti alirudi kwake wa mwisho. "Mama," alimwambia kwa upole, mbele ya watu wote, "jua linakwenda, na kuna familia haina kiwanja. Huyu Shomari hapa, si mwanao?"

Wenzangu, wapo kati yenu ambao hawajui uzito wa swali hilo kwetu. Mtoto wa mke mwenza ni mtoto wako. Ukimkana hadharani umemkana mume wako kaburini, na wewe umejivua nguo. Na Shomari alikuwa amesimama hapo hapo, kijana mpole, hana hatia yoyote, amemletea maji ya kunywa. Mama alilitua jembe chini. Kisha akasema, "Ni mwanangu."

Kigingi kiling'olewa.

Nilimkuta mama kwenye uwanja wa Bi Tatu, ameketi juu ya mkeka kando ya vyombo vyake. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Kibaha, kazi, na afya yangu, akaliona goti akasema nilioshe. Bi Tatu alikuwa ameinjika. Alikuja na sahani ya wali na maharage, akaiweka mbele yangu, akaondoka upesi kama mtu aliyeiba.

"Kula, mwanangu," mama alisema. "Mimi nimeshakula."

Nilikula. Nimekula vyakula vichungu maishani, dawa za mizizi na shubiri, sijala kitu kichungu kama wali ule, na ulikuwa umepikwa vizuri.

Nililala pale, na kesho yake nikamsaidia Shomari kusimamisha kibanda cha mama pembeni mwa uwanja. Kamba zilipungua. Nikachukua ile tairi ya kwanza, nikaikata kwa panga vipande virefu, tukafungia fito na mlango. Gervasi, usiitafute. Mliotaka nipime faida na hasara, chukueni na hii: kwa kufungia mlango tairi ya kubandika haina mfano, inakaza na haiozi. Kwenye lami ni raha, na kubadilisha ni upesi. Kwa mwenye lami, akiba ya kutosha, gundi ya dukani na hana mtu anayemngoja, aitafute kwa udi na uvumba. Mwenye mama Mzenga asiiguse.

Jumapili mchana niliaga. Mama alinisindikiza mpaka mwisho wa mistari ya vigingi. Ndiyo mara ya kwanza aliitazama baiskeli vizuri. Alipita kidole kwenye mshono wa Fundi Athumani na kwenye kamba za Mama Eliza.

"Watu wanasema hii ni ya mbio," alisema. "Ina uzuri gani?"

Nilimjibu kwa maneno ya Gervasi. "Ni nyepesi, mama."

Aliishika fremu kwa mkono mmoja akaiinua kutoka chini, akaishikilia kidogo, akaitua polepole.

"Nyepesi kweli," alisema. "Basi haitakulemea kurudi nayo."

Akageuka, akarudi uwanjani kwa Bi Tatu.